Ukuta wa Nne

"Hivi Mama Rehema, hivyo vyumba unamjengea nani?"

Bi Pili, jirani yangu wa upande wa chini, aliniuliza hivyo mwezi wa sita, siku nilipopandisha tenga la kwanza la mawe ya msingi kutoka mtoni. Alikuwa anaanika nguo, na aliuliza bila kugeuka. Nilimjibu kwamba mawe ni mazito, tuzungumze nikishatua. Nikatua, nikaingia ndani, sikutoka tena. Lakini swali lake lilikaa nami kama kijiwe kwenye wali: hukioni kilipo, ila kuanzia hapo unatafuna taratibu.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa namjengea Rehema, mwanangu pekee aliyebaki, ambaye amepanga chumba kimoja Kihonda na watoto watatu, na mwenye nyumba anampandishia kodi kila Mungu akijalia mwaka mpya. Nilitaka arudi Kinole apate vyumba viwili vya kwake, na siku Mwenyezi Mungu akiniita, vyumba vibaki kwake na kwa wajukuu. Nilikuwa na milioni nne na laki mbili. Hiyo ni pesa ya magome ya mdalasini na pilipili manga ya miaka sita, nyingine kwenye simu, nyingine kwenye kikoba cha jumuiya yetu. Nyingine ya namna hiyo sitaipata tena. Magoti yangu hayapandi tena shamba la juu.

Kilichonifanya nisimjibu Bi Pili ni kwamba swali lake lilikuwa na mkia. Kwetu Waluguru ardhi ni ya lukolo, ukoo wa upande wa mama. Nyumba ninayokaa aliijenga marehemu mume wangu Agustino kwenye ardhi ya lukolo lake, na mrithi wake ni mtoto wa dada yake, siyo Rehema. Rehema ni wa lukolo langu mimi. Na ardhi ya kwetu iko upande wa pili wa mlima, maporomoko ya mwaka ule wa mvua kubwa yalikula nusu, na nusu iliyobaki kaka zangu wamebanana humo kama kuku kwenye tenga.

Agustino alipofariki, siku ya kuondoa matanga, wakubwa wa ukoo wake walikaa nje, na Mzee Stephano ambaye ndiye kichwa cha lukolo lao akasoma mambo ya nyumba kutoka kwenye daftari. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimejifunika kitenge, siku ya nne sijala chakula cha maana. Nilisikia kwamba nitakaa kwenye nyumba mpaka nife. Baada ya hapo kulikuwa na maneno mengine. Sikuyashika. Nilishika lile la kukaa, nikamshukuru Mungu.

Kwa hiyo kabla sijanunua hata msumari nilikwenda kwa wifi yangu Judith, dada wa marehemu, kuomba ruhusa ya kuongeza vyumba. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Hayakuhitajika. Aliniambia nijenge tu, ni kwangu pale, akaniongezea na kikombe cha chai. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha hadi kwenye kona ya zahanati, ndipo nikaanza kujiuliza. Wifi yangu Judith hajawahi kunipa hata mche wa mgomba bila kuzungushana wiki mbili. Leo kakubali kabla chai haijapoa.

Ndipo akaja Deogratias.

Deo ni mtoto wa Judith, ndiye yule mrithi wa mjomba wake. Anachomelea mageti na madirisha Kingolwira, ana karakana yake ya mabati karibu na reli. Nilimlea miaka mitatu alipokuwa anasoma shule ya msingi hapa kijijini, wakati mama yake akifanya biashara mjini. Na kwa kuwa mimi ni mkaza mjomba wake, utani ni haki yake. Akija hodi yake ni hiyo hiyo.

"Shikamoo mkaza mjomba. Mke wangu, umenipikia nini?"

"Marahaba. Mume gani huyu anakuja mikono mitupu? Sukari iko wapi?"

"Sukari utaila meno yaishe, nirithi kibogoyo."

Tulizoea hivyo. Lakini baada ya Bi Pili kuuliza lile swali lake, hata utani ule nilianza kuupima. Kurithi, kurithi. Mtu anaposema jambo moja kila siku akicheka, siku moja atalisema bila kucheka.

Deo alisema amesikia najenga, hataki niibiwe na watu wa maduka, atanifanyia makadirio yeye mwenyewe. Alipima kwa futi, akaandika kwenye karatasi ya mistari, mwandiko wake ule ule wa shule uliolala upande. Vyumba viwili, futi kumi kwa kumi kila kimoja, ubavuni mwa nyumba. Matofali ya kuchoma 1,700. Saruji, mchanga, mbao, bati, misumari, ujira wa fundi. Jumla milioni nne na elfu themanini. Ilitosha kwenye pesa yangu na kubaki kidogo. Kisha akasema mambo mawili. La kwanza, risiti zote ziandikwe jina langu, Scholastika, hata ya misumari ya robo kilo. La pili alilisema akiwa ameshavaa kofia ya pikipiki.

"Mama asiione hii karatasi."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema niweke tu, nisihangaike.

Sasa mtu anayemficha mama yake mzazi, mimi mke wa mjomba ni nani asinifiche? Sikumwambia hilo. Niliikunja karatasi nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, na usingizi wa mchana ule haukuja.

Nilisoma mpaka darasa la saba, na hesabu nilizipenda. Jumatatu nilipanda gari la asubuhi kwenda Morogoro mjini, karatasi nimeifunga kwenye ncha ya khanga. Niliingia maduka matatu ya vifaa vya ujenzi kama mteja, nikauliza bei ya saruji, bati, misumari, mbao za mbili kwa nne. Nilikuwa natafuta wizi. Kila bei nililinganisha kwa siri na karatasi ya Deo, na kila bei yake ilikuwa chini ya dukani. Saruji chini kwa mia tano. Bati chini kwa elfu moja. Kwenye duka la tatu nikamtaja jina, na muuzaji akasema huyo fundi mageti ni mteja wake, amekuja kuombea punguzo la mama yake mmoja wa Kinole.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilikaa kwenye benchi nje ya duka nikanywa maji ya pakiti na moyo ukawa mzito kuliko nilivyokuja. Mwizi huzidisha bei. Huyu amezipunguza. Mtu anayekupunguzia kila kitu anategemea kukikuta wapi?

Nilimsimulia Bi Pili, na hilo nalijutia, maana Bi Pili si mbaya lakini akipewa uzi anashona shuka. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema mtego hauwekwi bila chambo. Nilipomwambia habari ya risiti, akaacha kisu. Kwa maoni yake, jina langu kwenye risiti maana yake ni kwamba mzigo ukikopwa dukani, wa kudaiwa ni mimi. Nilimwambia hakuna kilichokopwa. Akasema hakijakopwa bado.

"Mume wa kurithi huyo," akasema. "Wenzake wanaingia kwa mlango, yeye anaingia na matofali."

Nilicheka ili asione kwamba imeniingia.

Ilikuwa ni lile neno matofali. Usiku sikufanya kitu, nilisali nikalala, lakini asubuhi baada ya kufagia nilisimama mbele ya nyumba yangu nikaitazama. Nyumba yetu haikupigwa plasta nje, Agustino alifariki kabla, kwa hiyo tofali zote zinaonekana. Mimi na yeye tulizifyatua wenyewe bondeni na kuzichoma, najua ukubwa wake kama ninavyojua vidole vyangu. Ukuta wa ubavuni ni futi ishirini. Nikahesabu mstari mmoja wa chini: tofali ishirini na mbili. Nikahesabu mistari kwenda juu, kwa punje za rozari nisije nikapotea, Bikira Maria anisamehe: ishirini na miwili. Ukuta mzima, 484. Ukuta wa futi kumi ni nusu yake, 242.

Vyumba viwili vikiegemea nyumba, ukuta mmoja upo tayari. Zinabaki kuta tatu za kujenga na ule wa kutenganisha vyumba katikati. Nilikaa kwenye ngazi nikaandika kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Jumla yake 1,210. Nafasi za milango na madirisha sikuzitoa, niliacha zifidie tofali zitakazovunjika. Karatasi ya Deo ilisema 1,700.

Tofali mia nne na tisini zimezidi. Kwa shilingi mia na hamsini kila moja, ni elfu sabini na tatu na mia tano.

Niliirudia hesabu mara tatu. Kisha nikahisi kitu cha ajabu ambacho sikijivunii: nilipata nafuu. Hatimaye nimemshika. Bei zote safi, chambo safi, na ndoana iko kwenye matofali, mahali ambapo mwanamke hategemewi kuhesabu.

Wiki hiyo hiyo fundi mwashi alikuja kupiga kamba. Anaitwa Halidi, mtu wa Kiroka, mpole, anaswali swala zake na kazi yake imenyooka. Deo ndiye aliyemleta. Nilimwekea uji, nikaenda kuchuma mboga, na niliporudi kamba imeshafungwa kwenye vigingi vinne. Nikaona jambo. Kamba ya upande wa nyumba haikugusa ukuta. Ilikuwa imeachana nao.

"Fundi," nikamwambia, "kamba yako imekimbia ukuta."

"Nimeiona, mama."

"Kiganja kizima."

"Kiganja na vidole viwili. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Na nani? Mwenye pesa si mimi?"

Halidi aliuweka uji chini. Alikuwa kama mtu aliyeulizwa habari za nyumba ya watu. "Mama yangu, mimi mwashi. Nikiambiwa kuta tatu nanyanyua tatu, nikiambiwa nne nanyanyua nne. Hizi ni nne. Muulize Deo."

Kwa hiyo zile mia nne na tisini hazikuwa za kuuza. Zilikuwa ukuta wa nne. Ukuta mzima wa kusimama mgongoni mwa ukuta wangu, na nafasi ya kupita mjusi katikati. Nilirudi kwenye karatasi, nikaisoma kwa kidole mstari kwa mstari. Milango mitatu: miwili ya nje, mmoja wa kati ya vyumba. Hakuna mlango wa kutoka vyumbani kuja kwangu. Na bati zilikuwa na kofia zake, zile za kufunika mgongo wa paa, maana yake paa lake lina mgongo wake. Hivi havikuwa vyumba vya kuongeza. Hii ilikuwa nyumba nyingine. Kijumba kinachojitegemea, kimepandwa kwenye uwanja wangu kwa pesa yangu, na mrithi wa uwanja ndiye aliyekichora.

Jumamosi Deo alipokuja kuleta misumari, nilimzungukia kwa maswali ya pembeni. Nilimuuliza kama tofali za siku hizi zinavunjika sana. Akasema wastani. Nikamuuliza kama ukuta wa Agustino haufai. Kisha akatazama upande wa michongoma, kwa Bi Pili, ambako beseni lilikuwa limeacha kupiga kelele.

"Mkaza mjomba," akasema polepole, "kuna mambo ukiyasema unayaua. Wewe jenga. Jenga hivyo hivyo ilivyo kwenye karatasi."

"Na kama sitaki hivyo?"

"Utataka baadaye."

Hakutania siku ile. Hakuomba chakula. Na mimi nilimwangalia akiondoka nikajiambia, basi, ile siku ya kusema bila kucheka imefika.

Nilifanya novena. Siku tisa, asubuhi na jioni, nikimwomba Mungu anifunulie. Sikumwomba anitulize, nilimwomba anifunulie, na sasa naona tofauti yake. Siku ya tisa niliamka nina ujasiri mkubwa kifuani, nikadhani nimejibiwa. Nikaenda kwa wifi Judith kumwambia naomba kikao cha familia. Nilimwambia ni habari ya vyumba na ya mwanawe. Aliniuliza mwanawe amefanya nini. Nikasema nitasema mbele ya Mzee Stephano.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya misa ya kwanza, sebuleni kwangu. Mzee Stephano, mjomba wa Judith, alikaa kwenye kiti cha marehemu, daftari la ukoo limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Judith alikaa kwenye kochi na mkoba wake mapajani, bado amevaa kitenge cha Umoja wa Wanawake. Deo alikuja wa mwisho, na alikuwa amebeba kitu kwenye pikipiki: dirisha la chuma, jipya, limepakwa rangi ya bahari. Amelichomelea mwenyewe kwa ajili ya chumba cha Rehema, na la pili lingefuata. Sikuwa nimeliagiza na halikuwa kwenye karatasi. Aliliegemeza kwenye ukuta pembeni ya mlango, akaingia akiwaamkia wakubwa. Mimi nililitazama lile dirisha nikajiambia, ameanza hata kuhamisha vitu vyake.

Tulisali Salamu Maria. Kisha nikatoa karatasi kwenye kitabu cha nyimbo nikaiweka mezani mbele ya Judith, ile ambayo Deo alisema asiione.

Nilieleza yote. Sikupaza sauti. Nilieleza bei, nikaeleza risiti, nikaeleza tofali za mstari mmoja na mistari kwenda juu, nikaeleza kamba ya fundi na kile kiganja na vidole viwili. Mzee Stephano alikuwa anaitikia kwa kichwa, nafikiri alipenda hesabu ile. Mwisho nikasema:

"Ukuta ninao. Marehemu aliniachia. Sasa huyu ananijengesha ukuta wa nne, ameachanisha na nyumba, hakuna hata mlango wa kuja kwangu, na akanikataza nisimwonyeshe mama yake. Naomba aseme mbele yenu, hicho kijumba ni cha nani?"

Judith aliichukua karatasi. Aliisoma, akamtazama mwanawe, akairudia kuisoma. Kisha akaanza kucheka, siyo kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyekuta sarafu kwenye upindo wa khanga yake mwenyewe.

"Kiganja na vidole viwili," akasema. "Kumbe nimezaa mtu mwenye akili hivi."

Deo alisema, "Babu, hili si la leo. Mkaza mjomba amechoka, tuliache."

"Wewe umeulizwa matofali," mama yake akamjibu. "Nyamaza." Akanigeukia mimi, na sauti ikawa tamu kama siku ile ya chai. "Wifi yangu una haki. Tena una haki kabisa. Ukuta wa nne wa nini, na ukuta wa kaka yangu upo? Egemeza pale. Toboa mlango upite. Elfu sabini na tatu zako nunulia shuka."

Mzee Stephano akaniuliza kama hilo ndilo ninalolitaka, vyumba vishikamane na nyumba. Deo akaniita, "Mkaza mjomba." Ameniita hivyo miaka yote kwa kunichokoza. Mara hii ilikuwa kama mtu anayemwita mtoto aliye karibu na kisima. Niliisikia ile sauti. Nakiri niliisikia. Lakini nilishakuwa kwenye haki yangu, na mtu akishakaa kwenye haki yake hainuki haraka.

"Mwacheni mzee aandike," nikasema.

Mzee Stephano akafungua daftari, akaandika kwa herufi kubwa kwamba Scholastika ataongeza vyumba viwili, kuta tatu, vitakavyoshikamana na nyumba ya marehemu, kwa ombi lake mwenyewe. Akanipa kalamu. Niliandika jina langu lote, vizuri, jinsi tulivyofundishwa. Judith akatia sahihi kama shahidi, mkono ukiwa mwepesi.

Ndipo mzee akasema, ili mambo yakae pamoja, ayasome na yale ya siku ya matanga yaliyo ukurasa wa nyuma. Akafunua kurasa kurudi nyuma, akavuta miwani.

"Nyumba ya Agustino, na chochote kitakachoshikamana nayo, ni mali ya lukolo. Mjane atakaa humo mpaka afe, na baada yake itarudi kwa lukolo. Kitakachosimama peke yake ni cha aliyekisimamisha, yeye na watoto wake, kama mti ulivyo wa aliyeupanda."

Akafunga daftari, akalirudisha kwenye mfuko wa nailoni, akaukunja mdomo wa mfuko mara mbili.

Mti ni wa aliyeupanda. Hilo hata mtoto wa darasa la pili wa hapa analijua, na ndiyo maana miaka yote hii hakuna mtu wa ukoo aliyegusa mdalasini wangu. Nililijua kwenye mti. Kwenye ukuta sikulifikiria. Nilikaa pale na kila kitu kikaanza kurudi mahali pake, kimoja baada ya kingine, na sikuweza kukizuia. Risiti kwa jina langu, hata ya misumari, ili siku moja mtu asije akasema nani alikisimamisha. Paa lenye mgongo wake. Kiganja na vidole viwili. Mama asiione. Na aliyeyapanga yote hayo ni yule yule ambaye ingekuwa faida yake nikiegemeza, maana mrithi ni yeye. Alikuwa anajinyima mwenyewe, kimya kimya, mbele ya mama yake na ukoo wake, na kimya ndicho kitu pekee alichoniomba.

Nilimwambia mzee kwamba sikuelewa, kwamba nifute, nijenge kuta nne. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kwa mbali. Mzee Stephano akanijibu kwa upole kabisa kwamba daftari la ukoo halifutwi, na kwamba ni mimi niliyeomba kikao. Judith akasema nisiwe na wasiwasi, Rehema anaweza kuja kunitembelea wakati wowote nikiwa hai.

"Deo," nikasema.

Alikuwa ameinama, mikono imeshikana kati ya magoti. Ana kovu kwenye kidole gumba, alijikata na panga langu akiwa darasa la nne, nilimfunga mimi kwa kitambaa. Nilimwita tena. Nilitaka aseme neno lolote, hata anitukane, hata aniambie mke wangu una kichwa kigumu.

Aliinuka. Alichukua ile karatasi ya makadirio kutoka mapajani mwa mama yake, akaikunja nne kwa mikunjo yake ya zamani, akaiweka mbele yangu juu ya kitabu cha nyimbo. Akachukua kofia yake ya pikipiki. Mlangoni aliinama kama anavyoinama siku zote, maana mjomba wake aliujenga mlango ule kwa kimo chake mwenyewe, akapita pembeni ya lile dirisha la rangi ya bahari bila kuligusa, akatoka.